Nikimeza Dawa, Namtegemea Nani?

 

Mwezi uliopita, baada ya ibada ya Jumatano, mama mmoja wa kanisa letu alibaki kwenye benchi akisubiri watu waishe. Ni mjane. Analea wajukuu watatu hapa Nakivale, na presha inamsumbua kwa miaka mingi. Aliniambia kwamba katika kikundi cha maombi walifundishwa kuwa mtu anayetegemea nguvu za Mungu haweki tumaini lake kwenye karatasi ya kituo cha afya. Basi yeye, ili aonyeshe imani, alikuwa ameacha vidonge vyake siku kumi na mbili. Kichwa kilikuwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Akaniuliza bila ubishi wowote, kama mtu anayeuliza njia: "Baba Mchungaji, nikimeza dawa, namtegemea nani?"

Sikumjibu mara moja. Nadhani alifikiri natafuta andiko. Kumbe mimi nilikuwa nimerudi Kabezi, kwenye kilima kimoja, asubuhi moja ya mwaka 2002, kwa jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni. Nimeona niliandike hapa, kwa sababu swali la mama huyu ni la wengi, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulijibu vibaya, na gharama akailipa mtu mwingine.

Wengi wenu mnaijua Kabezi, hata kama ni kwa kupita tu na basi la Rumonge. Ukitoka Bujumbura kwenda kusini, ziwa liko kuume na milima iko kushoto, imeisogelea barabara kama ukuta. Watu wa chini wana mikeke, ndagala na mawese. Watu wa juu wana mihogo, maharagwe na migomba, na mtu wa juu akiugua hushushwa kwa ingobyi, ile machela yetu inayobebwa mabegani na wanaume wanne, wengine wakifuata nyuma ili wapokezane. Jirani na hapo, Mugere, kuna jiwe kubwa la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliopita mwaka 1871. Tulipokuwa watoto tulionyeshwa jiwe hilo kana kwamba ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea kwetu.

Makubwa yalikuja baadaye. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye mwezi wa Oktoba 1993 vilikaa katika milima yetu kuliko sehemu nyingi za Burundi. Septemba 1999 serikali iliwakusanya watu wa Bujumbura Rural, zaidi ya 300,000, ikawaweka katika kambi, na Kabezi nayo ilikuwa na kambi yake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka 2000 kambi zile zilivunjwa, na mwezi wa Agosti mkataba wa Arusha ukatiwa sahihi, lakini bunduki hazikusoma mkataba. Kwetu ziliendelea kulia miaka mingine mingi.

Basi mwaka 2002 nilikuwa mwinjilisti kijana wa tawi dogo. Sikuwa nimeenda bado chuo cha Biblia. Nilikuwa na Biblia moja na sauti kubwa. Usiku mmoja niliitwa nyumbani kwa ndugu mmoja wa kanisa ambaye mke wake alikuwa na uchungu tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Mtoto hakuwa akishuka. Mkunga wa jadi alikuwa amekata tamaa. Kutoka nje usiku ule kulikuwa sawa na kujipeleka kufa, maana njia ya kushuka ilikuwa na wenye silaha wa pande mbili, na hawakumuuliza mtu amebeba nini. Tukaomba. Tuliomba watu kumi na mmoja katika chumba kimoja, mpaka saa tisa, mpaka saa kumi. Nawaambia kweli, wapendwa, sijawahi tena kuomba kama usiku ule, na sijutii hata neno moja la maombi yale. Hatukuwa na kitu kingine mikononi.

Saa kumi na mbili kukapambazuka. Njia ikaonekana. Jirani mmoja, ambaye hakuwa hata mtu wa kanisa, akaja na ingobyi akaiegemeza ukutani. Akasema twende. Na mimi ndiye niliyesema tungoje. Nilisema Mungu yuko kazini, tusimkatize. Nilisema tukimtoa sasa tutakuwa tumekiri kwamba maombi ya usiku kucha yalikuwa bure. Mume wa yule mama alinitazama mimi, akaitazama ingobyi, akanitazama tena mimi. Alikuwa mtu mzima, amenizidi miaka kumi na mitano. Lakini mimi ndiye niliyeitwa mtumishi wa Mungu. Akakaa chini.

Tuliondoka saa tatu. Mama yule alifia njiani, kabla hatujaiona barabara ya lami, na mtoto pamoja naye.

Kwenye mazishi nilihubiri. Baada ya mahubiri ndugu yule aliniuliza kwa nini Mungu hakutusikia. Nilimwambia kwamba huenda ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu mwenye mashaka. Nilisema "mtu". Alielewa kwamba ni yeye, kwa sababu ndiye aliyeitazama ingobyi.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba hata tungeondoka saa kumi na mbili huenda tusingefika kwa wakati. Hilo ni kweli. Kulikuwa na vita, kulikuwa na umbali, na kulikuwa na fedha: siku zile mgonjwa asiye na malipo aliweza kuzuiliwa hospitalini wiki nyingi baada ya kupona, mama na kichanga chake. Lakini ninavyoamini, Mungu haniulizi kama tungefanikiwa. Ananiuliza katika zile saa tatu nilikuwa nategemea nini.

Maana maneno ya maombi hayakubadilika. Saa tisa usiku maneno yale yalikuwa imani: mlango ulikuwa umefungwa, nasi tulimlilia yeye ambaye hazuiwi na mlango. Saa moja asubuhi mlango ulikuwa wazi na ingobyi iko ukutani, na maneno yale yale, kwa sauti ile ile, yalikuwa yamekuwa kitu kingine. Niliogopa kwamba tukimbeba, watu watasema mwinjilisti ameomba usiku kucha na hakujibiwa. Nilikuwa nikilinda jina langu kwa uhai wa mtu, na nikaita hivyo kumtegemea Mungu.

Sasa sikilizeni kilichotokea Kabezi baadaye, kwa sababu hapo pana swali gumu kuliko lile la mama yetu.

Mei 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba akina mama watajifungua bure na watoto walio chini ya miaka mitano watatibiwa bure. Mwaka huo huo madaktari wa Médecins Sans Frontières, wale tunaowaita MSF, walianza Kabezi kituo cha dharura kwa akina mama wenye uzazi wa shida. Jambo lenyewe halikuwa la ajabu. Kituo kidogo cha afya kule kilimani kikiona mama ana shida, kiliita, na gari la wagonjwa likapanda kumchukua, usiku au mchana, siku zote saba. Akifika, kulikuwa na wa kumpasua na damu ya kumwongezea. Na hakuna aliyelipa. Ndiyo hayo tu. Mwaka 2012 walitoa ripoti, wakakadiria kwamba vifo vya akina mama kutokana na uzazi katika eneo la Kabezi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 74. Kwa nchi nzima hesabu ya wakati ule ilikuwa akina mama 800 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kabezi ilikuwa 208. Gharama yake kwa mwaka haikufika euro nne kwa kila mkaaji wa eneo lile.

Tarakimu hizo ziliwafurahisha wengi. Mimi zilininyima usingizi. Mungu wa Kabezi mwaka 2002 na Mungu wa Kabezi mwaka 2012 ni yule yule. Akina mama ni wale wale, au binti zao. Maombi ni yale yale, na kama kuna tofauti, wakati wa vita tuliomba zaidi. Kilichobadilika ni gari, simu, kisu cha daktari na mtu wa kulipa. Basi, nguvu za Mungu ziko wapi hapo?

Kijana mmoja wa kwaya aliwahi kunipa jibu lake waziwazi: "Mchungaji, gari ndilo lililowaokoa. Maombi yalikuwa ya kutuliza moyo." Jibu la pili ni lile langu la kaburini: wale wa kwanza walipungukiwa imani. Majibu haya mawili yanaonekana kama maadui, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanadhani kwamba nguvu za Mungu na mikono ya watu wanakula sahani moja ya ugali, kwamba mkono mmoja ukimega, mwingine umepunjwa. Kwa hiyo mmoja anaona gari akasema hapa Mungu hayupo, na mwingine anaona gari akalikataa ili Mungu awepo.

Jibu la kaburini naliona baya zaidi, kwa kuwa linapiga watu waliokwisha kupigwa. Tazameni linatupeleka wapi. Kama akina mama wa Kabezi walikufa kwa kukosa imani, basi itatubidi kuamini kwamba imani ya Kabezi iliongezeka karibu mara nne katika ile miaka gari lilipoanza kupanda milima. Itatubidi kuamini kwamba Mungu hupima imani ya mwanamke kwa umbali uliopo kati ya kitanda chake na chumba cha upasuaji. Nani kati yetu anaweza kuhubiri hivyo bila aibu? Wanawake wale waliokufa kabla ya 2006 walimwamini Mungu. Baadhi yao nilisikia maombi yao kwa masikio yangu.

Jibu la kijana wa kwaya nalo halikamiliki. Hesabu ile ilisema 208, haikusema sifuri. Wapo waliokufa gari likiwa mlangoni. Tena gari halikujileta. Nitalirudia hilo.

Mwenye kunisaidia zaidi ni mtume Paulo, katika Matendo sura ya 27. Kwa watu wa ziwa kama sisi ile ni sura ya nyumbani. Paulo ni mfungwa ndani ya meli, watu 276, dhoruba imewapiga siku nyingi hawaoni jua wala nyota, na mizigo imekwisha kutupwa majini. Malaika wa Mungu anamjia usiku na kumwahidi kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ahadi imetoka kwa Mungu mwenyewe. Sasa someni kinachofuata. Wanamaji wanashusha ule mtumbwi mdogo, wanajifanya wanakwenda kutia nanga, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anawaambia askari kwamba hawa wasipobaki melini, ninyi hamtaokoka. Mara ya kwanza niliposoma kwa makini nilisimama hapo. Paulo, si umeahidiwa? Malaika si amesema wote? Wanamaji ni wa nini tena?

Lakini Paulo hakuona ugomvi wowote kati ya ahadi na wanamaji. Aliiamini ahadi, na kwa sababu aliiamini, alihakikisha wenye kujua kuongoza meli hawaondoki. Kisha, kulipokaribia kupambazuka, akawasihi wale chakula ili wawe na nguvu. Na mwisho waliojua kuogelea waliruka, wasiojua wakaelea juu ya mbao na vipande vya meli. Hivyo ndivyo neno la malaika lilivyotimia, kwa mbao. Aliyefika pwani ya Malta amekumbatia ubao, mkimuuliza ni nani aliyemwokoa, angejibu nini? Sidhani angeona kwamba lazima achague.

Wavuvi wetu wanalijua jambo hili kuliko sisi wachungaji. Sijawahi kumwona mvuvi wa Rumonge mcha Mungu anayeomba kabla ya kuingia ziwani halafu akaacha nyuma kopo la kutolea maji mtumbwini ili asimtie Mungu huzuni.

Baadhi yenu tulikuwa pamoja Kagunga mwezi wa Mei 2015. Mnakumbuka kijiji kile kidogo cha Tanzania, mlima nyuma na ziwa mbele, hakuna njia ya gari, na watu makumi ya maelfu kwenye kipande cha ufuko. Mnakumbuka kipindupindu. Watu wapatao 30 walikufa katika siku zile, na waliopona walipona kwa maji yenye chumvi na sukari, kwa dripu, kwa klorini, na wote, waliokufa na waliopona, walikuwa wameombewa. Meli iliyotutoa ni Liemba. Haikuweza hata kusogea ufukoni. Tulipelekwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwake, ikatupeleka Kigoma, watu mia sita hivi kwa safari moja. Meli ile ilijengwa Ujerumani mwaka 1913. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi isiliwe na kutu. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Mafundi wale walifikiria vita vyao tu. Hawakujua kwamba kuna watoto wa Makamba na Rumonge, ambao babu zao hawajazaliwa bado, watakaohitaji injini ile. Mimi siwezi kuwathibitishia kwamba Mungu aliishika mikono yao. Lakini nikiwa juu ya Liemba, na mtoto wangu amelala juu ya begi, nilimshukuru Mungu kwa ajili ya grisi.

(Njia iliyonitoa Nyarugusu ikanileta hapa Uganda ni habari nyingine, na si ya leo.)

Mtu ataniuliza: Mchungaji, ukishawapa madaktari na wanamaji na mafundi sehemu yao yote hiyo, Mungu umembakizia nini? Ni swali la haki. Nimesema gari halikujileta. Kabezi kulikuwa na magari hata wakati wa vita, ya askari na ya wakubwa, na yalipita barabara ile ile ya lami. Hayakupanda kumchukua mke wa mkulima. Upungufu wetu haukuwa wa chuma na petroli. Hapakuwa na mtu aliyeona kwamba mwanamke yule wa kilimani, asiyemjua, ni jambo la kuamkia usiku wa manane. Moyo wa namna hiyo haununuliwi Bujumbura. Ninaamini huo unatoka kwa Mungu, hata kwa yule asiyejua umetoka wapi, kama jirani yetu asiye wa kanisa aliyeleta ingobyi bila kuitwa. Yeye hakuomba usiku ule. Lakini nikijiuliza leo asubuhi ile nguvu za Mungu zilikuwa kwa nani, naogopa kwamba zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nami nikawa nimesimama mbele yake.

Na kuna mambo ambayo hakuna gari wala kidonge kinachoyafikia. Siku ya mgao, kadi ya jirani ikiwa mikononi mwako kwa makosa ya orodha, na wanao hawajala: nguvu ya kuirudisha inatoka wapi? Kukaa na mume aliyevunjwa na vita, anayepiga kelele usiku, bila kumchukia? Kuacha pombe ya jioni wakati jioni ndiyo ndefu kuliko siku nzima? Kwa hayo sijaona shirika lenye stoo yake. Hapo ndipo tunapoomba kwa maana, tena kila siku, maana nguvu ya jana haitoshi leo.

Hata mana ilikuwa hivyo. Kutoka 16 inasema watu waliiokota asubuhi kwa asubuhi, na ya kuweka akiba ikaoza. Ilitoka kwa Mungu, lakini kila mtu aliinama na kuiokota mwenyewe. Na ukifika Yoshua 5 unaona ilikoma, baada ya wao kula mazao ya nchi, na hakuna aliyesema kwamba nguvu za Mungu zimekoma nayo. Nalisema hili kwa kuwa tangu Julai 2023 mgao wetu hapa Uganda umepangwa kwa makundi, wenye kuhesabiwa kwamba wanajiweza hawapati kitu, na mwaka 2025 wengi zaidi waliondolewa. Wengine walilia kana kwamba Mungu ndiye aliyewafuta kwenye orodha. Hapana. Lakini pia simkubalii mhubiri anayewabariki waliokata mgao kwa kutumia Yoshua. Israeli mana yao ilikoma wakiwa na mavuno mikononi. Yetu ilikatwa mahindi yakiwa bado majani.

Kwa wale wanaofundisha katika vikundi vya maombi, ndugu zangu, siwalaumu; mnayosema niliyasema mimi kwanza. Ninawaomba tu msome tena. Paulo aliyeponya wengi alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Alisafiri na Luka, ambaye ni tabibu. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, ameandika hivyo mwenyewe kwa mstari mmoja tu, na hakuongeza kwamba Trofimo alikuwa na mashaka. Mwiba wake mwenyewe aliuombea mara tatu na haukuondolewa. Na shetani alipomjaribu Bwana juu ya kinara cha hekalu, alitumia andiko zuri kabisa, la kumtegemea Mungu. Bwana hakuruka. Ngazi zilikuwepo.

Wiki iliyofuata baada ya Jumatano ile nilitafuta namba ya simu ya ndugu yule wa Kabezi. Nilipata kwa mtu wa tatu. Nilikaa nayo siku nne. Mimi ninayewahubiria ninyi habari za nguvu za Mungu sikuwa na nguvu ya kubonyeza namba kumi na moja. Niliomba, na sikusikia kitu chochote, ila siku ya nne niliona kwamba njia inaonekana, simu iko mkononi, na kama nikiendelea kuomba nitakuwa narudia zile saa tatu. Nikapiga.

Ameshazeeka. Bado ananiita Mwinjilisti. Nilimwambia yote: kwamba tungeondoka kulipopambazuka, kwamba mimi ndiye niliyezuia, kwamba mashaka niliyoyataja kaburini hayakuwa yake, na kwamba kuitazama ingobyi hakukuwa kukosa imani. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nimelea watoto wanne nikijua kwamba mimi ndiye niliyemuua mama yao kwa kutazama machela."

Akaniambia ningoje. Nikamsikia akimwita binti yake, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka sita. Akampa simu, akaniambia nirudie tena, yote, tangu mwanzo. Nikarudia. Hawakusema kwamba wamenisamehe, nami sikuwaomba waseme.

Na mama yetu wa presha? Jioni ile ile, kabla ya haya ya simu, nilimuuliza vidonge viko wapi. Vilikuwa kwenye kanga, vimefungwa kwa fundo. Alikuwa akitembea navyo siku zote kumi na mbili. Nilimwambia, "Mama, tuombe, kisha umeze, na kesho asubuhi mke wangu atakusindikiza kituoni wakupime." Aliniuliza tuombe kabla au baada. Nikamwambia vyovyote. Akasema basi tuombe tukiwa tumeshika. Akafungua fundo, akaweka kidonge katika kiganja, akafumba macho. Aliomba yeye, mimi niliitikia tu. Mwanangu akaleta maji katika kikombe cha plastiki kisicho na mkono. Akameza, akasema amina tena, akaomba kikombe kingine kwa sababu kiu ilikuwa imemshika.